Nukta Zenye Mkia

Kila ninapoulizwa mtindo wangu wa kuchora umetoka wapi, najibu kwamba umetoka kwenye vitako vya sufuria za Kinyangiri. Watu hucheka, kisha wakiona mimi sicheki, huandika. Nimelijibu hivyo swali hilo mbele ya wanafunzi, mbele ya wahariri wa vitabu vya shule ninavyovichorea, hata mbele ya mama mmoja kwenye basi aliyechungulia daftari langu, na kila mara nilijua kwamba jibu lile ni nusu tu. Nusu ya pili nilikuwa nimeifungia. Mimi niliyehoji kila kitu tangu nikiwa mdogo, nikahoji mafundisho ya kipaimara mpaka mwinjilisti akaniomba nikae nyuma, nikahoji wahadhiri, nikahoji hata kama kumbukumbu zina faida yoyote zaidi ya kutufanya tujipende, hilo moja sikuwahi kulihoji kwa sauti. Mwezi uliopita simu ikaita. Nilipomaliza kusema shikamoo, Mama Hawa alishaanza kuzungumza. "Marahaba. Mwalimu, Yuditha ametutoka. Tunazika kesho saa nane. Njoo na kanga mbili, huku upepo umeanza."

Hakuna anayeniita Mwalimu siku hizi isipokuwa watu wa Kinyangiri. Tulimzika Bibi Yuditha kwenye upepo ule wa Singida unaopeleka wimbo upande mmoja na watu upande mwingine, kwaya ikiimba ubeti wa pili na sisi tuliokuwa nyuma tukiwa bado wa kwanza. Asubuhi iliyofuata, kama ilivyo kila baada ya msiba, wanawake walisugua sufuria zote kwa mchanga na majivu, wakazipanga juu ya turubai zikiwa zimegeuzwa, vitako juu. Zilikuwa nyingi, kwa sababu huku msiba haupikiwi kwa sufuria za nyumba moja. Kila jirani huleta yake, na siku ya kutawanyika kila mmoja hupita kwenye safu, huinama, husoma kitako, huchukua kilicho chake. Nilipita nami, bila kutafuta chochote, nikizisoma zile alama kwa furaha ya mtu aliyerudi kwenye lugha yake: nyayo za kuku, mafiga, reli, jicho. Kwenye safu ya tatu nikasimama. Kulikuwa na sufuria kubwa iliyozeeka, na kwenye kitako chake nukta saba zilizopigwa kwa msumari, tatu kupanda, moja kileleni, tatu kushuka, na kila nukta ilikuwa na mkia mrefu kama kiluwiluwi. Sikuwa nimeiona kwa miaka tisa. Hakuna mtu wa Kinyangiri aliyekuwa ameiona. Wanawake wawili waligombana kwa ajili yake, na mmoja wa wale wawili alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale nilipo, akichambua mchele.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada ya sanaa na sina kazi. Nilikuja Kinyangiri kujitolea kufundisha sekondari, na mkuu wa shule akanitafutia chumba kwa mjane mmoja aliyekuwa na nyumba ya bati na ulimi mkali. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na magunia manane ya alizeti ambayo Bibi Yuditha alisema yataondoka wiki ijayo. Hayakuondoka mpaka mwezi wa tisa. Nililala nayo, nikayazoea, na mpaka leo harufu ya alizeti kavu ikinipata sokoni nasikia kama mtu amefungua mlango wa chumba kile. Tulikula ugali wa uwele, mweusi na mzito, na mlenda uliotiwa karanga zilizopondwa. Siku nyingine kulikuwa na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, na Jumapili ambayo Bibi amefurahi, kuku. Najua kwamba hakuna mlenda uliowahi kuwa mtamu kama mlenda ninaoukumbuka. Nimejaribu kuupika Dodoma, karanga zilezile, uwele uleule, na ukawa mlenda tu.

Ukuta kati ya chumba changu na jiko haukufika juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Wanawake walikuja jioni, mmoja mmoja au wawili, wakaanza kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni aliye upande wa pili, halafu mazungumzo yakinoga wakahamia Kinyiramba na kuniacha na vicheko. Kisha ningesikia nyundo. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko. Wiki ya pili nikatoka kwenda kuona. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria mpya imegeuzwa kati ya magoti yake, msumari mkononi, akipiga nukta ndogondogo kwenye kitako bila kukitoboa. Mwenye sufuria alikuwa ameegemea mlango akisimulia habari za mnada. Ndivyo nilivyofahamu kwamba nimepanga nyumba ya mpiga alama. Sufuria yoyote iliyonunuliwa kijijini, kabla haijatoka kwenda kwenye harusi au msiba wa kwanza, ilipita kwanza kwenye magoti yale.

Inabidi nieleze hali niliyokuwa nayo, maana vinginevyo furaha niliyoipata haitaeleweka. Chuoni nilijua kuchora. Ningechora mkono wako ukadhani utapiga ngumi. Lakini kwenye tathmini ya mwisho mhadhiri wangu alisimama mbele ya kazi zangu kwa muda mrefu, mikono nyuma, halafu akasema kwa upole, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angefoka: "Naona macho, naona funguo, naona ndege, naona minyororo inayokatika. Alama zote za dunia zimekuja. Wewe hujafika." Nilitoka pale nikiwa na maksi nzuri na aibu isiyokuwa na pa kwenda. Alikuwa amesema kweli. Kila alama niliyoichora niliikuta kwenye kazi ya mtu mwingine. Basi nilipoziona sufuria za Bibi Yuditha nikadhani nimepata. Hapa kuna alama ambazo hakuna mtu chuoni aliyeziona, nikawaza, nitazichukua ziwe zangu. Nikanunua daftari jipya, nikaanza kumhoji.

"Bibi, hizi nukta tatu zina maana gani?"

"Mafiga."

"Najua ni mafiga. Ila yanawakilisha nini?"

"Yanamwakilisha Mama Elia."

"Sawa, lakini kwa nini Mama Elia apewe mafiga? Kuna jambo la kifamilia? La mababu?"

Bibi aliniangalia kama mtu anayeangalia kuku aliyeingia ndani. "Kwa sababu jicho alishalichukua mkwe wa balozi."

Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari, kabla hajanijibu, kwamba mafiga ni ishara ya nyumba, ardhi na waliotangulia. Nikakata. Nikauliza kwa nini wasiandike herufi, wakati wengi wao wanajua kusoma. Akaacha kazi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Tuliandika. M. Mama Musa, Mama Maria, Mama Mkunga, na mimi mwenyewe mke wa marehemu Mika. Msiba mmoja tu, M kumi na mbili zimelala hapo nje. Sema nani ni nani." Nikauliza na yeye mwenyewe ana alama gani, maana sufuria zake nilizozisugua kila siku zilikuwa tupu. Akasema zake hazihitaji. "Isiyo na alama ni ya kwangu. Kijiji kizima kinajua."

Sikupata maana yoyote kutoka kwake mwaka mzima. Nilichopata ni masharti, na aliyatoa kwa kunifokea, si kwa kunifundisha. Alama isizidi nukta nane, sufuria si chekeche. Iwe na jina la kuitwa kwa sauti, ili mtu aliye jikoni aweze kumwambia aliye nje, niletee ile ya nyayo za kuku. Aione hata aliye na moshi machoni. Na isifanane na ya mwingine, hata kidogo, kwa sababu hapa watu wa dini mbili wanapikiana, na asiyekula nguruwe ana haki ya kujua chombo chake kimepita wapi. Nilimwomba anifundishe kushika nyundo. Akanipa sufuria kuukuu iliyokwisha kutoboka, nikaipiga mwezi mzima. Nukta zake zilikuwa mviringo kamili, kama mbegu za mtama. Zangu ziliteleza. Mimi natumia mkono wa kushoto, na msumari uliegemea upande usiotakiwa, ukaacha kamkwaruzo pembeni ya kila nukta. Bibi alizitazama, akaguna, akasema, "Zina mikia." Nilijitahidi kuikata ile mikia. Haikukatika.

Mwezi wa saba, alizeti imevunwa na harusi zinakaribia, Bibi aliteleza kisimani akateguka kifundo cha mkono wa kulia. Wakamfunga kwa kitambaa na mafuta ya ng'ombe, naye akakaa ndani akilaumu kila kitu pamoja na maji. Wiki hiyohiyo Mama Hawa akaja na sufuria mpya, kubwa, ya kupikia pilau. Alikuwa mama mnene, mcheshi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi akasema kutoka chumbani, "Mpe pembe. Pembe hazina mtu." Nikakaa kwenye kigoda chake kwa mara ya kwanza. Nilichora pembe za ng'ombe, nukta tatu kushuka, moja chini, tatu kupanda, na mkono wangu ulitetemeka kwa kuogopa kutoboa chombo cha watu, kwa hiyo nukta zilitoka hafifu, mikia yake haionekani mpaka uinamishe chombo kwenye mwanga. Mama Hawa akasifu. Siku ya pili akaja Mama Yohana, mwembamba, wa kwaya, na sufuria ya ukubwa uleule kutoka kwa mchuuzi yuleyule wa mnadani. Bibi alikuwa amesinzia. Ningeweza kusubiri. Lakini nilitaka, mara moja tu, alama iwe yangu, nimeibuni mimi, isitoke kwa mtu. Nikampa paa la nyumba. Nukta tatu kupanda, moja kileleni, tatu kushuka. Sasa sikuogopa. Nilipiga kwa nguvu, kwa raha, nukta zikazama, mikia ikawa mirefu. Bibi alipoamka akauliza nimempa nini. Nikasema paa. "Paa likoje?" Nikasema, kama paa, Bibi. Akaridhika, kwa sababu Mama Yohana alishaondoka na chombo chake na hapakuwa na cha kutazama.

Msomaji ameshaona nilichokifanya. Mimi sikukiona. Miaka yote nilichora kwenye karatasi, na karatasi ina juu na chini, hata usipofikiria. Kitako cha sufuria ni duara.

Wiki tatu baadaye akafa mzee mmoja wa upande wa shuleni, mzee mwenye watoto wengi na wakwe wengi zaidi. Watu walitoka Nduguti, walitoka Singida mjini, walitoka hata Igunga. Tulipika siku tatu. Siku ya kutawanyika sufuria zikapangwa kwenye majani, na mimi nilikuwa karibu, nakausha sahani, niliposikia sauti ya Mama Hawa.

"Weka chini, Mama Yohana. Hizo ni pembe zangu."

"Pembe? Fungua macho, mama. Hili ni paa."

"Paa gani limeezekwa miguu juu?"

"Si uigeuze!"

Mama Yohana akaigeuza, ikawa paa. Mama Hawa akaigeuza tena, zikawa pembe. Wanawake walicheka, wakadhani ni mzaha, mpaka walipotafuta nyingine. Haikuwepo. Mmoja kati ya wale wageni wengi alikuwa ameibeba akaondoka nayo. Ilibaki moja, na wenye nayo walikuwa wawili. Vicheko vikaisha. Mama Yohana akauliza, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Kwa hiyo mimi ni mwizi?" Mama Hawa akasema, "Sijasema mwizi. Nimesema weka chini." Mama Yohana akasema kuna watu hapa kijijini wamezoea kung'ang'ania, na kila mtu akajua watu ni nani.

Bibi Yuditha akaitwa. Alikuja polepole, mkono kifuani kwenye kitambaa, watu wakampisha. Hakuinama. Aliizungusha sufuria kwa kidole gumba cha mguu, nusu duara, halafu nusu nyingine. Nilimwona akielewa. Hakunitazama hata kidogo, na kwa kutonitazama kule nikajua kwamba ameshaniona. "Mkono ni wangu," akasema. "Uzee umenichezea." Mtu akasema, lakini Yuditha, si mkono umefungwa? "Nilipiga kabla sijaanguka." Sahani ilikuwa bado mikononi mwangu. Niliikausha. Ilikuwa imekauka, nikaendelea kuikausha. Nilijiambia kwamba hii ni sufuria tu. Nilijiambia kwamba mimi ni mwalimu wa watoto wao na heshima yangu ni ya shule nzima. Kwa mtu aliyejivunia kuhoji, niliyakubali majibu hayo kwa wepesi wa ajabu.

Na hiyo bado siyo nusu niliyoifungia. Kutoka pale niliposimama niliziona nukta vizuri, jua lilikuwa limeinama. Zilikuwa hafifu. Mikia haionekani mpaka mwanga uje kwa pembeni. Ile ilikuwa sufuria ya kwanza, ya kutetemeka. Ilikuwa ya Mama Hawa. Mtu mmoja tu duniani aliweza kulijua hilo na kuumaliza ugomvi kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ingeanza na neno mimi.

Bibi akaamua. Mama Yohana achukue iliyobaki. Mama Hawa apewe sufuria kubwa ya Bibi mwenyewe, isiyo na alama, ambayo kila mtu alijua imepikia nini na haijapikia nini. Mama Hawa akasema, "Sitaki ya kupewa. Nataka yangu." Aliichukua kwa heshima ya Bibi, akaondoka nayo kichwani bila kuaga. Mwaka ule wote wale wawili walisalimiana, habari za asubuhi, nzuri, lakini hawakuazimana hata chumvi.

Jioni ile Bibi alipakua kama kawaida. Nikasema, "Bibi, mimi..." Akasema, "Kula kwanza." Nilikula. Alipomaliza kunawa alisawazisha majivu mbele ya mafiga kwa kiganja cha kushoto, akanipa kijiti. "Chora paa." Nikachora. "Sasa njoo ukae hapa nilipokaa mimi." Nikazunguka jiko, nikakaa kwenye kigoda chake, nikatazama. Pembe za ng'ombe. Hakusema kitu kingine, si siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo, kila jioni kabla ya kula, alisawazisha majivu, nikachora kitu, nikakizunguka. Kuku. Mtungi. Mtu aliyebeba kuni. Kama kwa upande wowote kilibadilika kuwa kitu kingine, alifuta kwa mguu na chakula kikasubiri. Kuna jioni nilikula ugali wa baridi kwa sababu ya mbuzi mmoja. Ndipo mistari yangu ilipopungua, ndipo vitu vyangu vilipopata uzito na kukaa chini, na mpaka leo sichori bila kuizungusha karatasi. Wanafunzi hudhani ni mazoezi ya mkono. Ni mguu wa Bibi Yuditha ninaouogopa. Mkono wake ulipopona alikwenda kwa Mama Yohana na nyundo yake, akaongeza nukta moja chini ya kilele cha paa, mviringo safi, ili paa lisiweze tena kuwa pembe. Desemba niliondoka. Alinisindikiza mpaka barabarani na kunipa kuku aliyefungwa miguu, akasema niwasalimie wa kwetu. Nilirudi kumtazama mara tano katika miaka tisa. Mara zote tano niliipanga ile sentensi njiani, na mara zote tano nikala, nikacheka, nikaondoka nayo.

Sasa sufuria ya pili ilikuwa mbele yangu, nukta zimezama, mikia mirefu. Mwanamke mmoja kutoka Nduguti alikuwa anaitafutia mwenyewe. Alisema imekaa kwao miaka, walidhani ni ya bibi yao, bibi alipofariki wakapekua vitako vyote na hii haikuwa na ukoo. Akasikia mpiga alama wa Kinyangiri amefariki, akaja nayo. Nikamwambia namjua mwenyewe. Niliibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye mkeka wa Mama Hawa. Amepungua mwili sasa, na macho yake yana ukungu kidogo. Mama Yohana alikuwa nyuma yake, anamenya viazi vitamu.

"Shikamoo, Mama Hawa. Shikamoo, Mama Yohana."

"Marahaba. Umeamkaje, Mwalimu?"

"Salama. Hii ni ile iliyopotea. Na aliyezipiga zote mbili ni mimi. Siyo Bibi."

Mama Hawa aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. "Hilo tunalijua."

"Mnalijua?"

"Nukta za Yuditha ni mviringo. Hizi zina mikia. Nani mwingine hapa anashika nyundo kwa kushoto?"

"Hata kile kikao cha wazazi," Mama Yohana akadakia kutoka nyuma, "ulipotuchorea ubaoni vyoo vya shule vitakavyokuwa. Vyoo vyenyewe vilikuwa na mikia."

Walicheka wote wawili. Nilisimama pale na sufuria yangu. Mhadhiri wangu wa chuo alinitafuta kwenye kazi zangu akanikosa, na kumbe hawa walikuwa wameniona tangu mwanzo, kwenye kitu kilekile nilichohangaika kukikata. Nikauliza kwa nini hawakusema. Mama Hawa akasema Yuditha alisema ni yake, je, wangemwita mwongo mbele ya wageni? Ningeweza kuishia hapo. Walikuwa wanacheka, nilikuwa nimesamehewa, na mchele ulikuwa unangoja.

"Basi kuna kitu hamkijui," nikasema. "Siku ile nilijua ni ya nani. Yako niliipiga kwa woga, nukta hazikuzama. Ya Mama Yohana nilipiga kwa nguvu, ni hii hapa. Iliyobaki siku ile ilikuwa yako, Mama Hawa. Niliiona, nikanyamaza."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Kisu cha Mama Yohana nacho kikasimama.

"Miaka tisa, Mwalimu."

"Ndiyo, mama."

"Nimeitwa mng'ang'anizi kwa sufuria yangu mwenyewe."

"Nilikuita mimi," akasema Mama Yohana.

"Uliniita wewe, nakumbuka mpaka kanga uliyokuwa umevaa."

Mama Yohana aliweka kisu chini, akainuka, akaenda. Tulidhani amekasirika. Alirudi baada ya muda na sufuria kichwani, akaishusha mbele ya Mama Hawa ikiwa imegeuzwa. Nukta zangu saba hafifu, zimekaribia kufutika kwa miaka ya kusuguliwa kwa mchanga, na moja ya Bibi, mviringo, iko vilevile. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Mama Yohana akachukua ya kwake kutoka mikononi mwangu, akaizungusha, akasema mdomo umepinda, watu wa Nduguti wameipikia nini. Mama Hawa akapitisha kidole kwenye ile nukta ya Bibi, akairudia, akairudia tena. Halafu akamtuma mkwewe nyumbani kuleta sufuria kubwa isiyo na alama. Ilipofika aliiweka mwenyewe kwenye turubai, pamoja na vyombo vingine vya marehemu.

Nilibaki nimesimama. Sikujua kama niondoke. Mama Hawa akamwaga nusu ya mchele kwenye ungo mwingine, akanisogezea bila kunitazama. "Chambua. Hasira ikiisha nitakuambia." Nikapiga magoti pembeni ya mkeka, nikaanza kutoa mawe, polepole, kama anayetaka kazi ichukue siku nzima. Baada ya muda Mama Yohana akanyoosha shingo kutazama ungo wangu. "Ona," akasema, "hata mchele anausukuma kwa kushoto. Umeota mkia."

Mama Hawa hakucheka. Ila alisogea kidogo, nikapata pa kuweka mguu.